Kabla ya kununua hita ya umeme, kaa kwanza chumbani mwako

Baridi ikianza kuuma, simu yangu huanza kulia, na swali huwa lile lile: "Fundi, ninunue hita gani?" Mimi ni fundi umeme wa majumbani, mwaka wa 19 sasa, na siku hizi swali hilo silijibu papo hapo. Ninauliza kwanza: utaiweka chumba gani? Mlango wa chumba hicho hufungwa au huachwa wazi? Ukiwa humo unakaa, unalala, au unapita tu? Na soketi utakayochomeka, mara ya mwisho fundi aliifungua lini? Mtu akinijibu hayo manne, hita inajitaja yenyewe.

Ninashikilia utaratibu huu kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua hita nzuri kabisa isiyofaa chumba chao, halafu wakasema hita za umeme ni hasara tupu. Mmoja wao ni mama yangu mzazi, na hita ile nilimnunulia mimi. Nitafika hapo.

Wati ni wati

Hita ya wati 1500 inatoa joto la wati 1500. Iwe ya bei kubwa au ndogo, iwe na rimoti na kioo cha kuonyesha namba au iwe na kitufe kimoja cha kuzungusha, joto ni lile lile. Nyingi kati yake zina waya wa nikromu ndani, yaani nikeli iliyochanganywa na kromiamu. Waya huo unaupa umeme njia ngumu, na umeme ukilazimisha kupita, waya unapata moto. Umeme wote ulioingia hugeuka joto na kubaki chumbani.

Kwa hiyo ukikuta sanduku limeandikwa kwamba hita hii ya wati 1500 inapasha kama ya wati 3000, liache hapo hapo. Niliwahi kuchukua hita mbili za wati 1500, moja ya mafuta na nyingine ya feni, nikazipima kwa ile mita ya kubana waya. Zote mbili zilisoma ampia 6.5, yaani wingi wa umeme uliokuwa unapita kwenye waya ni ule ule. Ukiziwasha saa moja bila kuzima, kila moja inakula yuniti moja na nusu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: wati 1000 kwa saa moja ni yuniti moja.

Kuna kifaa kimoja tu kinachoikwepa hesabu hii, nacho ni kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha. Chenyewe hakitengenezi joto kutoka kwenye umeme. Kinalichota joto la hewa ya nje, hata kama nje ni baridi, na kulisukuma ndani. Kwa yuniti moja ya umeme kinaweza kukuletea joto la yuniti mbili, tatu, wakati mwingine na zaidi. Nje kukizidi kuganda, faida hiyo hupungua. Kama nyumba yako tayari ina kiyoyozi, tafuta kwenye rimoti alama ya jua au maandishi ya kupasha kabla hujatoa pesa yoyote. Zaidi ya mara moja nimeenda nyumba ya mtu aliyetaka hita, nikamwonyesha kwamba anayo ukutani na hajawahi kuiwasha.

Joto linakufikiaje?

Kama wati ni sawa, basi tofauti iko wapi? Iko kwenye njia ambayo joto linapita mpaka kukufikia wewe. Hapa ndipo pa kutulia, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Hita ya mafuta, ile yenye mapezi ya chuma kama kitabu kilichofunguliwa, ina mafuta ndani yaliyofungiwa kabisa. Hayaungui, hayapungui, hayabadilishwi. Koili inayapasha mafuta, mafuta yanapasha chuma, chuma kinapasha hewa. Safari hiyo ni ndefu, kwa hiyo usitegemee kitu dakika 15 au 20 za mwanzo. Ila ikishapata moto haina kelele, haina mwanga, na ukiizima inaendelea kutoa joto kwa muda. Inafaa chumba kinachofungwa mlango na kukaliwa kwa saa nyingi: chumba cha kulala, chumba cha mgonjwa, chumba cha kusomea usiku. Haifai kwa mtu anayeingia, anavaa viatu na kutoka.

Hita ya feni ni kinyume chake. Unaibonyeza, na ndani ya sekunde chache hewa moto iko miguuni. Siku hizi nyingi zina vipande vya kauri badala ya koili iliyo wazi, na kauri hiyo ina tabia nzuri: kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kuuzuia umeme, kwa hiyo upepo ukizibwa hujipunguza yenyewe. Ninaipenda kwa chumba kidogo na kwa dakika chache za asubuhi. Ubaya wake ni kelele, vumbi inalorusha, na kwamba ukiizima tu joto nalo linaondoka.

Halafu kuna hita ya mionzi, yenye vijiti vinavyowaka rangi ya machungwa. Hii haishughuliki sana na hewa. Inatuma joto moja kwa moja kwenye ngozi na nguo zako, kama jua la asubuhi linavyokupata ukiwa umesimama nje kwenye baridi. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel alipasua mwanga wa jua kwa kipande cha kioo cha pembe tatu ukatoka rangi kama za upinde wa mvua, akaweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na kipimajoto kikapanda. Mionzi hiyo isiyoonekana ndiyo inayofanya kazi kwenye hita hizi. Inafaa mahali ambapo kupasha hewa ni kazi bure: karakana yenye mlango wazi, baraza iliyoezekwa, ukumbi wenye dari ya juu sana ambako hewa moto yote ingepanda na kukaa huko juu. Ukikaa mbele yake unapata joto upande mmoja, mgongo unabaki na baridi, na ukisogea pembeni hatua mbili huna kitu.

Hii ndiyo niliyomnunulia mama. Alikuwa analalamika magoti, nami nikawaza kwamba mionzi itayafikia magoti haraka. Kweli, jioni akiwa amekaa kwenye kiti ilimfaa. Usiku ikamtesa. Chumba kizima kilikuwa chekundu, hakupata usingizi, na kila akigeuka kitandani joto linampotea. Wiki ya pili nikamkuta ameisogeza hadi karibu kabisa na shuka lililoning'inia, ili imfikie. Niliizima pale pale kwa mkono wangu. Mama hakuwa na kosa. Mimi nilichagua hita ya mtu aliyekaa nikampa mtu aliyelala. Nilimletea hita ya mafuta ya wati 1500, na ile ya mionzi sasa iko karakana kwangu, inapasha mikono ninapofanya kazi mezani. Huko imepata mahali pake.

Hita bapa za ukutani, zinazoingiza hewa baridi chini na kuitoa juu ikiwa moto, ziko katikati: zinapasha haraka kuliko ya mafuta, hazipigi kelele kama ya feni. Kama una watoto wadogo na hutaki kitu cha kugongwa sakafuni, anzia hapa. Zipo pia za kuhifadhi joto, zenye matofali mazito ndani yanayopashwa usiku na kutoa joto mchana. Hizo zina maana tu mahali ambapo umeme wa usiku unauzwa bei nafuu.

Na kama baridi inakusumbua kitandani peke yake, fikiria blanketi la umeme. Mengi hayafiki hata wati 150, wakati hita ya chumba ni 1500. Kumpasha mtu ni kazi ndogo kuliko kupasha kuta, dari na kabati.

Pima chumba kwa hatua na futi kamba

Kipimo ninachoanzia ni wati 100 kwa kila mita moja ya mraba, kwa chumba chenye dari ya kawaida ya mita 2.4 na kuta zisizopitisha baridi ovyo. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba, kwa hiyo wati 1200. Dari ikiwa mita 3, hewa ya kupasha imeongezeka kwa robo, nawe ongeza robo: wati 1500. Chumba cha kona chenye kuta mbili za nje, au chenye dirisha kubwa la kioo kimoja, ninaongeza tena kidogo.

Lakini kabla ya kuongeza wati, piga magoti mlangoni usiku wenye upepo, weka kiganja karibu na sakafu. Ukihisi hewa inapita, hapo ndipo pesa yako itakapopotelea. Kitambaa kilichokunjwa na kuwekwa chini ya mlango, na pazia zito dirishani, vimewahi kumwokoa mteja wangu kununua hita ya pili. Nilimwambia afanye hivyo kwanza kwa siku tatu, kisha anipigie. Alipiga kunishukuru.

Jambo jingine: wati zilizoandikwa ubavuni mwa hita ni za volti zilizoandikwa pale pale. Umeme wako ukiwa mdogo, joto nalo linashuka, tena linashuka kwa kasi kuliko volti. Hita ya wati 2000 kwa volti 230, ikipata volti 200 tu, inatoa kama wati 1500. Watu wengi huitupia hita lawama jioni, saa ambazo mtaa mzima umewasha kila kitu.

Soketi ndiyo yenye neno la mwisho

Mwaka jana niliitwa nyumba moja kwa sababu ya harufu. Mwenye nyumba alisema ni kama samaki aliyeoza, na ameshahamisha makabati yote akimtafuta panya aliyekufa. Mimi harufu hiyo naijua. Nilizima umeme kwenye breka kubwa, nikaenda moja kwa moja kwenye soketi ya hita. Plagi haikutaka kutoka. Nilipoifanikisha, mguu mmoja ulikuwa na rangi ya kahawia iliyokoza, plastiki kuuzunguka imelainika na kuvimba kama nta, na nyuma ya soketi skrubu moja ilikuwa imelegea hata naizungusha kwa kucha. Kilichokuwa kinanuka ni plastiki hiyo, na ilikuwa imebakiza kidogo kushika moto.

Hita yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Lililoleta yote ni skrubu ile. James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba umeme unaopita kwenye waya ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kanuni hiyo hiyo inayofanya hita iwe hita ndiyo inayofanya kiungo kilicholegea kiwe hita ya pili, ndani ya ukuta wako, mahali usipopaona. Simu ikichajiwa kwenye soketi ile isingetokea kitu. Hita ya wati 2000 kwa volti 230 inavuta ampia karibu 9, saa baada ya saa, na kiungo kibovu hakiwezi kujificha.

Kwa hiyo: hita ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Usiipitishe kwenye ekstensheni, na usitumie adapta ya kuchomeka plagi tatu. Nyaya za ekstensheni nyingi za kawaida ni nyembamba. Waya wa milimita za mraba 0.75 umewekewa ampia 6, nawe unataka kuupitishia 9. Ukiwa umekunjwa kwenye gurudumu lake ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kila mzunguko unaupasha mzunguko wa jirani. Kama soketi iko mbali na unapotaka hita ikae, mlipe fundi akuongezee soketi. Najua ninavyosikika nikisema hivyo mimi fundi, lakini ningelisema hata kama ningekuwa nauza vitabu.

Usiwashe hita mbili kubwa kwenye laini moja ya soketi. Na usitegemee hita kwenye betri za sola au inveta: betri ya volti 12 ya ampia-saa 200 ina takriban wati-saa 2400, na ukiheshimu ushauri wa kutoichosha zaidi ya nusu kama ni ya asidi, hita ya wati 2000 inaimaliza kwa kama nusu saa.

Bafuni usiingize hita ya kubeba, hata kwa dakika tano. Kama unataka joto humo, ifungwe hita ya ukutani iliyotengenezwa kuvumilia maji ya kurukia, ifungwe na fundi, mbali na mtu aliye ndani ya maji.

Ukiwa dukani

Omba itolewe kwenye sanduku. Soma kibati cha ubavuni, kilichoandikwa volti na wati, usisome sanduku. Iinamishe: hita ya kusimama inatakiwa iwe na swichi chini inayokata umeme ikianguka, na muuzaji akikubali kuichomeka utaisikia ikilia "tik" na kuzima. Uliza kama ina kinga ya kujizima ikizidi moto. Shika waya wake. Hita ya wati 2000 yenye waya mwembamba kama wa taa ya mezani, irudishe.

Usinunue isiyo na thamostati. Hiyo ndiyo inayopunguza bili kweli, kwa sababu inazima hita chumba kikishafikia joto ulilochagua na kuiwasha tena kikipoa. Hita ya wati 2000 ikiwashwa saa tano mfululizo ni yuniti 10. Thamostati ikiwa inaizima nusu ya muda, ni yuniti 5. Kumbuka pia kwamba kuizungusha hadi mwisho hakufanyi chumba kipate moto haraka. Kunaifanya tu isijue pa kusimama. Nyuzi 18 hadi 20 zinawatosha watu wengi waliovaa nguo za kawaida za baridi. Chumba cha mtoto mchanga au mzee kipimwe kwa kipimajoto, usikadirie kwa mwili wako.

Wengine huniuliza kama hita ya umeme inakula hewa. Haili. Haichomi kitu, haitoi moshi wala ile gesi ya kaboni monoksidi inayoua watu waliolala na makaa ndani. Ukavu unaousikia kooni ni kwa sababu hewa ikiwa moto inaweza kubeba maji mengi zaidi, na maji yaliyomo ni yale yale. Ukitaka kuweka bakuli la maji chumbani, liweke mezani. Juu ya hita usiweke bakuli, taulo, wala soksi za mtoto, na mbele yake acha nafasi ya mita nzima bila pazia, godoro au kochi.

Usiku wa kwanza

Iwashe ukiwa macho, jioni, siyo unapoingia kulala. Harufu kidogo ya vumbi au rangi mpya kwa dakika kadhaa ni kawaida. Fungua dirisha ipite. Iache kwenye kiwango cha juu kwa saa moja. Kisha izime kwenye swichi, chomoa plagi, na papo hapo uishike kwa kiganja, pamoja na uso wa soketi. Ikiwa na vuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahaulika, endelea na hita yako. Ikikulazimisha kuiachia, au ukiona kahawia yoyote kwenye miguu yake, hita isirudi kwenye soketi hiyo mpaka soketi yenyewe ifunguliwe na kukazwa au kubadilishwa. Rudia kuishika baada ya wiki moja, na tena kila baridi inapoanza, kwa sababu skrubu hulegea polepole hata pale ambapo mwaka jana kila kitu kilikuwa sawa.